Nani Alipika Siku Ile

Annie alikuwa mtu wa kulilia vitabu. Wala hakulia kwa kujificha. Alilia mbele za watu, miwani mkononi, kidole kikiwa kwenye ukurasa ili asipoteze mstari, kisha akajipangusa na kuendelea pale pale alipoachia. Wanafunzi wake wa sekondari, aliowafundisha Kifaransa, walikuwa wamemzoea. Aliyeshindwa kumzoea ni mumewe. Siku moja alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema hawezi kuishi na mwanamke anayewalilia watu asiowajua huku shati la mumewe likiungua chini ya pasi. Wazee wakaona mume ana hoja. Annie akabeba vitabu vyake, akapanga nyumba ya vyumba viwili Naviundu, pembeni ya Lubumbashi, karibu na mto, na shati akamwachia mwenyewe.

Tukisema vitabu, tuseme ukweli: vingi vilikuwa fotokopi. Kitabu kipya Lubumbashi ni kitu cha kutazama kupitia kioo. Annie alikuwa na fundi wake wa fotokopi nyuma ya chuo kikuu, aliyemtolea kurasa na kuzibana kwa waya wa plastiki. Alizipanga rafuni kwa mafungu matatu. Juu waliketi Wapalestina. Katikati waliketi watu weusi, wa Amerika na wa visiwani. Chini alikuwa na fungu alilolipa jina la "mambo yetu", yaani wanawake waliokataa kunyamaza, ingawa wengi wa katikati wangeweza kuketi chini na wengi wa chini wangeweza kuketi katikati, na kila likizo aliwahamisha upya kama mama mwenye nyumba asiyeridhika na viti vyake.

Kwa kila fungu alikuwa na daftari. Kuhusu Wapalestina aliandika kwamba hawasemi tu "tulifukuzwa" wakaishia hapo. Wanataja ngazi, dirisha, mti wa uani na jina la jirani, na wanataja kwa sababu wanajua kuna mtu anangoja wasahau. Kuhusu watu weusi aliandika kwamba wanahuzunika bila kuomba ruhusa, na kwamba hata wakiandika hasira unasikia harufu ya jiko la mama yao. Kuhusu fungu la chini aliandika swali moja tu, akalipigia mistari miwili: nani alipika? Wanaume walipokaa usiku na mchana kuandika tangazo la uhuru, nani alipika siku ile? Swali hilo alilipenda mno. Alilifundisha darasani, wavulana wakacheka, akawapa kazi ya kuandika kurasa mbili kila mmoja.

Na katika kila kitabu Annie alijua mahali pake. Alikuwa mweusi, alikuwa mwanamke, alikuwa Mkongomani. Babu yake aliletwa na Wazungu kutoka kaskazini ya Katanga kuja kuchimba shaba, akafa na vumbi la shaba kifuani. Mtu wa aina hii akifungua hadithi ya waliodhulumiwa haulizi akae wapi. Kiti chake kimeshawekwa. Haikuwahi kumjia hata mara moja kwamba angeweza kuingia katika hadithi hiyo kwa mlango mwingine.

Kila Jumamosi alasiri wanawake watano walikutana sebuleni kwake kusoma pamoja. Aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote ni Wivine, muuguzi wa miaka thelathini, ambaye hakuwahi kumaliza ukurasa bila kugombana nao. Aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote ni Mama Hortense, mshonaji kutoka mtaa wa Bel-Air, Mkasai wa miaka sitini na miwili. Annie alikutana naye miaka mitatu nyuma, alipompelekea kitenge cha kushona. Alimkuta amekaa juu ya magazeti ya zamani, yale mafundi wanayokata kuwa vipimo vya mikono na shingo, na badala ya kukata, mama alikuwa anasoma. Alisoma nusu ya habari hadi pale mkasi ulipopita, kisha akatafuta nusu nyingine katika kipimo cha mgongo.

"Inaishia pabaya," alimwambia Annie siku ile, bila hata salamu. "Siyue kama balimukamata ule mwizi."

Annie alimpenda hapo hapo. Mama yake mwenyewe, Mama Adolphine, alikuwa hai na mzima kule Kipushi, mji wa mgodi karibu na Lubumbashi, lakini hakusoma, na mazungumzo yao yalikuwa ya afya, misa na bei ya unga. Hortense ndiye aliyemuuliza amesoma nini. Annie alipougua malaria, Hortense ndiye aliyekuja kwa siku nne na uji katika chupa ya chai, akamwita mutoto yangu, akamfulia hata soksi. Kama kulikuwa na kitu kimoja Annie aliogopa kukipoteza duniani, kilikuwa ni yule mama. Mara kadhaa alimwalika waende pamoja Kipushi, akamsalimie Mama Adolphine. Kila mara Hortense alikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia. Annie alidhani hapendi safari.

Basi ikafika Jumamosi moja ya Juni, kukiwa na baridi na vumbi jekundu hadi ndani ya vikombe. Walikuwa wakisoma ushuhuda wa mama mmoja wa Palestina. Mama huyo alieleza jiko aliloliacha, sahani kwa sahani. Annie akalia, kama kawaida yake. Kisha akatoa hotuba, pia kama kawaida yake: kwamba mwizi wa nyumba haibi kuta, anaiba asubuhi za watu. Wivine akasema hotuba nzuri, lakini tazameni, akapitisha simu yake. Kulikuwa na picha ya Gaza ya wiki ile, wanawake wamesongamana na sufuria tupu, wamezinyoosha mbele.

Simu ilipofika kwa Hortense haikuendelea. Aliishika mikononi muda mrefu hadi kioo kikazimika chenyewe.

"Mi nilikuwa na sufuria mukubwa," akasema. "Kule Kipushi."

Wote wakamgeukia. Miaka mitatu hakuwahi kusema kwamba aliishi Kipushi.

"Haikuwa yangu peke. Ilikuwa ya bamama bote ba quartier, ba mutaa yetu, ya kupikia mu kilio. Muntu akifwa, banakuya kuilomba kwangu, kisha banairudisha. Bwana yangu alikuwa chaudronnier, fundi ya kupiga mabati, ku atelier. Mukono moja ilikatika, akaifunga na rivet ya shaba. Na chini akachonga H na musumari, ili isipotee."

Hakuna aliyeuliza ilikuwa mwaka gani. Katika chumba kile kila mtu aliujua mwaka wa tisini na tatu, hata Wivine ambaye alikuwa hajazaliwa. Ni miaka ile wanasiasa walipowaambia watu wa Katanga kwamba Wakasai, wenye asili ya jimbo la Kasai, wamewalia kazi na nyumba zao, na watu waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, wakaambiwa warudi kwao, kwenye kwao ambako wengine hawakuwahi hata kukuona.

"Bale bavijana balikuya asubui," Hortense akaendelea. "Sufuria ilikuwa ku moto. Balisema dakika kumi. Tukaiacha. Ku gare tulingoja train wiki sita, tunalala inje. Aaron wangu alikuwa na miaka tano. Rougeole, surua. Akafwa wiki ya pili, pale ku quai, penye train inasimama. Na mi, mwenye nilipikia bilio ya bantu bote, kilio ya mutoto yangu haikupikwa kintu. Hakuna moto, hakuna sufuria, hakuna muntu ya kuikala na mi chini. Kila muntu alikuwa na mufu wake."

Wivine alilia kwa sauti. Wale wawili wengine walilia. Annie, mwepesi wa machozi, ndiye pekee ambaye hakulia. Alikuwa amekaa wima, kwa sababu riveti ile ya shaba aliijua.

Aliijua tangu utotoni. Ile sufuria ilikuwa jikoni kwa mama yake. Ilipika komunyo yake ya kwanza, ilipika harusi yake, ilipika kilio cha baba yake Anaclet miaka sita iliyopita. Alipokuwa na miaka saba alijifunza kusoma, na siku za kuosha vyombo, sufuria ikiwa imefunikwa juani, alipitisha kidole katika ile H na kuitamka. Mama alimwambia ni sufuria iliyopotea njia baada ya kilio. Na jibu hilo linaaminika kwetu. Kilio kikiisha, vyombo vyote vya kuazima hupangwa uani vikiwa vimepinduliwa, kila mama akatafuta alama yake chini, rangi, herufi au mkwaruzo. Kisichopata mwenyewe kinabaki pale nyumbani hadi aje. Annie aliamini kwa miaka thelathini na miwili kwamba mwenyewe hakuja.

Jumapili baada ya misa akapanda gari la Kipushi. Mama Adolphine alikuwa uani, anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Maman, ile sufuria mukubwa ilitoka wapi?"

"Si nilikuambia. Ya kilio."

"Kilio ya nani?"

Mama akaendelea kuchambua majani mawili, matatu. Kisha akaweka kisu chini.

"Nani alikuambia?"

"Mwenyewe."

Adolphine alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini na minne, mwenye rozari shingoni. Annie alimtazama akipungua pale pale kwenye kigoda.

"Siye hatukufukuza muntu," akasema. "Baba yako alileta karatasi ya nyumba. Balimuambia iko vide, haina muntu. Tulikuwa bantu sita mu chumba moja, Annie, weye ulikuwa nalala chini ya meza. Tukaingia, moto ingali nawaka. Sufuria iko juu. Maharagi."

"Na mulifanya nini?"

"Tulifanya nini? Tulikula. Bale batoto balikuwa na njala. Weye ulikula sahani mbili. Ukasema, maman, hii iko muzuri kupita ya kwako." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na mi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka."

Annie akaomba sufuria. Mama hakubisha, aliingia jikoni akaitoa mwenyewe. "Ikamate. Miaka yote minaisugua, minajua iko ya muntu." Lakini kwenye mlango wa uani alimshika mkono. "Sikia. Mupe, lakini usimuambie. Sema uliiona ku soko, ku bale banauzaka bintu ya zamani. Atafurahi, na atabaki na weye. Muntu mwenye anakupenda, usimupe sababu ya kukukimbia."

Annie aliona aibu kwa niaba ya mama yake. Kusema uongo tena, juu ya uongo? Yeye aliyekuwa na mafungu matatu rafuni?

Wiki nzima hakulala vizuri. Alirudi kwenye fotokopi zake, akaanza na Wapalestina, akawatafuta wale wengine. Walikuwamo. Walikuwamo kila mahali, alikuwa hajawatazama tu: watu wanaofika jioni na watoto na magodoro, wanafungua madirisha ya nyumba ya mtu, wanaona chumvi mezani na kuitumia. Wengine walikuwa wametoka pabaya, walikuwa na njala ya kweli. Mwandishi aliwapa mstari mmoja au miwili, na Annie alikuwa ameruka mistari hiyo kila mara kwa haraka ya kwenda kulia na wenye nyumba. Alifungua daftari la fungu la chini. Swali lake lilikuwa pale na mistari yake miwili. Nani alipika siku ile? Sasa alimjua kwa jina, na alijua nani alikula. Hapo ndipo alipolia, na safari hii hakuwa na ukurasa wa kuushikilia.

Kama angeishia kwenye kilio hicho, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Annie alikuwa msomaji, na msomaji akipata msiba anatafuta namna ya kuupanga. Akaandika hotuba ya kurasa tatu. Akaisugua sufuria kwa mchanga na chuma cha waya hadi ikang'aa. Na kwa kuwa hapa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, unatia hata vikombe viwili vya unga, hata ndizi, akafikiri atie nini. Akaona, walikula maharagwe, atarudisha maharagwe. Aliliona jambo hilo kuwa zuri na lenye haki, kama mwisho wa kitabu. Hapo ndipo ningemshika mkono kama ningekuwapo. Akanunua kilo tano, akaamka alfajiri ya Jumamosi kuyapika.

Wanawake walipoingia walikuta sufuria katikati ya sebule, juu ya matofali matatu, imefunikwa kitenge. Annie hakungoja hata chai. Alisimama na karatasi zake, akasoma. Alisoma kuhusu karatasi ya baba yake, nyumba, alama chini ya sufuria, miaka thelathini na miwili ya karamu. Aliomba msamaha kwa Kifaransa safi kabisa. Kisha akaondoa kitenge. Wivine, ambaye moyo wake daima ulitangulia akili yake, akaanza kupiga makofi. Alipiga mara tatu, akaona yuko peke yake, akaacha.

Hortense hakumtazama Annie. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, akapitisha mkono chini ya sufuria kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kidole chake kikatafuta herufi, kikaipata. Akagusa riveti. Uso wake ulilainika, na kwa muda mfupi Annie aliamini kwamba alikuwa amefanya vyema. Kisha mama akafungua kifuniko, mvuke ukapanda.

"Maharagi," akasema.

"Ndiyo, maman. Sikutaka kuirudisha mutupu."

Hortense akabaki na kifuniko mkononi. "Mi sikusema ilikuwa nini ku moto," akasema polepole. "Sikuambia muntu. Nani alikuambia ilikuwa maharagi?"

Katika kurasa zote tatu Annie hakuandika habari ya chakula. Alikuwa ameandika nyumba, alikuwa ameandika historia, na maharagwe alidhani yatajieleza yenyewe.

"Maman yangu," akajibu.

"Alijuaje?"

"Tulikula."

Nje mtu alikuwa anapiga honi, akaacha. Hortense aliweka kifuniko sakafuni bila kelele.

"Aaron alikuwa na homa siku tatu," akasema, akiiambia sufuria. "Alikatala kila kintu. Bugali, hapana. Uji, hapana. Ile asubui akaamuka akasema, maman, minataka maharagi. Nilifurahi! Nikaweka sufuria mukubwa, nikasema, akikula yeye, quartier yote itakula. Nikatia mafuta ya mawese. Yalibakia kiloko tu kuiva." Sasa akainua macho. "Weye ulikuwa na miaka ngapi?"

"Saba."

"Ulikula?"

"Ndiyo."

"Sahani ngapi?"

Annie alimkumbuka mama yake mlangoni pa uani, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitamani kumsikiliza. Angeweza kusema hakumbuki. Ingekuwa kweli, hakukumbuka hata kidogo. Lakini mama yule alikuwa anangoja, na alistahili kujua.

"Mbili."

Hortense akatikisa kichwa, mara moja, mara mbili, kama mtu aliyepewa hesabu ya kitambaa na kuiona iko sawa.

"Bon," akasema. "Kumbe mutoto mumoja alishiba."

Kisha akakaa chini kabisa, akanyoosha miguu, akafungua kilemba, akaanza kumlilia mwanawe. Alimlilia kwa Kiluba cha Kasai, kwa maneno ambayo Annie hakuyaelewa isipokuwa jina. Wivine ndiye aliyejua la kufanya, sio kwa vitabu, kwa mama yake. Alisogeza meza, akatandika mkeka, akakaa ubavuni mwa Hortense bega kwa bega. Wale wawili wakafuata. Kilio kikawa kilio, pale Naviundu, mchana, miaka thelathini na miwili baada ya mtoto kufa. Annie akaacha karatasi zake zianguke, akaja naye kukaa.

Hortense akainua kiganja. Hakukuwa na hasira katika mkono ule.

"Weye hapana, mutoto yangu," akasema. "Weye gawa chakula."

Annie aligawa. Alileta sahani zote alizokuwa nazo, akapiga magoti mbele ya kila mmoja kama inavyopasa, na majirani waliosikia sauti walipoanza kuingia na kuuliza nani amefariki, aliwajibu ni Aaron, mtoto wa Mama Hortense, akawapa nao. Watu hawakuuliza zaidi, walikaa chini. Alisimama mlangoni pa jiko na upawa mkononi hadi sufuria ikaisha. Hortense hakula. Jioni Wivine aliiosha, akamsaidia Hortense kuibeba hadi barabarani, wakaondoka pamoja katika teksi.

Jumamosi iliyofuata wakawa wanne, na ya pili yake wakawa wanne. Annie akapiga simu. Hortense alipokea mara ile ile. Akauliza habari za afya, habari za wanafunzi, kama baridi ya Naviundu imepungua. Akamwambia kwamba akina mama wa Bel-Air wameshakuja mara moja kuazima sufuria, kwa kilio cha mzee mmoja wa mtaa wa pili, na imerudi salama. Annie akangoja, kisha akauliza kama Jumamosi atakuja.

"Nilijaribu," Hortense akasema. "Nilivaa, nikatoka, nikafika hata ku arrêt ya basi. Nikarudi. Mi minakupenda, Annie, usiwaze ingine. Lakini nikikuangalia, minaona weye unakula."

"Ndiyo, maman," Annie akasema.

Wakaagana vizuri, kwa heshima zote, Hortense akimwomba amsalimie mama yake kule Kipushi. Annie akaahidi kumsalimia.